Mahakama ya Juu imefuta ushuru wa Trump, mbona mzigo wangu bado umetozwa?

vyondo_minneapolis · 27 Februari 2026

Habari zenu. Naomba mnieleweshe, nimesoma magazeti mpaka kichwa kinauma.

Nauza vyondo na vikapu vya mkonge hapa Minneapolis. Vinasukwa Machakos na Kitui. Vingi vinakuja kwa meli, na zile oda maalumu za mteja mmoja mmoja zinakuja kwa vifurushi vya ndege. Kabla ya Aprili mwaka jana vilikuwa vinaingia bila ushuru kwa sababu ya AGOA, ile sheria ya Marekani inayofungulia soko bidhaa za Afrika. Trump akatangaza ile asilimia 10 kwa karibu dunia nzima, nikaanza kulipa. Nililipa tu, ningefanyaje.

Ijumaa iliyopita Mahakama ya Juu ikasema rais hakuwa na mamlaka ya kuweka ushuru ule. Nikapiga vigelegele peke yangu dukani. Sasa jana wakala wa forodha kanitumia bili ya mzigo ulioingia wiki hii, na asilimia 10 imekaa pale pale! Nimempigia, kanijibu kwa mkato, "Hii ni nyingine, dada."

Nyingine ipi? Mahakama ikishasema rais hana mamlaka, anapata wapi mamlaka ya siku nne baadaye? Na zile nilizolipa mwaka mzima zinarudi, au ndiyo zimeliwa?

---

Otis_Columbus

Karibu Marekani, dada 😂 Mahakama inasema yake, Ikulu inafanya yake, mwenye duka analipa. Majaji hawana polisi wala jeshi. Rais akiamua kukaidi nani atamkamata? Sahau hizo pesa, tafuta soko jingine.

---

bintimvita

Otis, utani weka kando kidogo, dada kauliza jambo la pesa.

Ikulu haijaikaidi mahakama. Ushuru ule wa kwanza umeacha kutozwa tangu usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi huu. Usiku huo huo, dakika moja baada ya saa sita, ukaanza ushuru mwingine kwa sheria nyingine. Wakala wako hakukudanganya, ila angekuongezea sentensi mbili za maelezo. Sisi watu wa forodha tuna tabia hiyo, tunadhani kila mtu anaota namba za vifungu.

Mimi nimo kwenye kazi hii ya kutoa mizigo, ofisi yetu iko karibu na bandari ya Newark. Hizi sheria sikuzisoma chuoni, zimenifika mezani moja moja, kila moja na mteja wake analia. Kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wao.

Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 8, inalipa Bunge mamlaka ya kuweka kodi na ushuru wa forodha. Bunge, si rais. Tena muswada wowote wa kuingiza mapato lazima uanzie Baraza la Wawakilishi. Watu hawa walipigana na mfalme wa Uingereza kwa sababu ya kodi zilizopangwa na watu wasiowachagua, na chai ya Boston ilimwagwa baharini mwaka 1773 kwa ugomvi huo huo. Haishangazi kwamba mfuko hawakumwachia mtu mmoja.

Lakini Bunge limechoka kupanga viwango lenyewe. Mara ya mwisho kufanya hivyo kwa ukubwa ilikuwa 1930, sheria ya Smoot-Hawley, na nchi nyingine zikalipiza kisasi wakati mdororo wa uchumi umeshaanza kubana. Tangu 1934 limekuwa likimwazima rais funguo. Na kila ufunguo una chumba chake, haufungui nyumba nzima.

Upo ufunguo wa kifungu cha 232 cha sheria ya 1962: usalama wa taifa. Huo lazima kwanza Wizara ya Biashara ichunguze bidhaa fulani na kutoa ripoti. Chuma na alumini zimo humo tangu 2018, na Juni mwaka jana zikapandishwa hadi asilimia 50. Upo wa kifungu cha 301 cha sheria ya 1974, kwa nchi inayofanya biashara kwa hila. Nao unataka uchunguzi, notisi na kusikiliza maoni, na ndio uliotumika kwa China mwaka 2018. Upo wa 201, wa kukinga kiwanda kilichofurikiwa na bidhaa za nje. Hizi zote mahakama haikuzigusa. Kama ungekuwa unaleta sufuria za alumini badala ya vikapu, ungekuwa unalia kilio tofauti kabisa.

Alichofanya Trump 2025 ni kuacha funguo hizo zenye masharti, akachukua sheria ya 1977 ya dharura za kiuchumi, ambayo watu wa kazi yetu wanaiita IEEPA. Hiyo inasema rais akitangaza dharura ya kitaifa kutokana na tishio la kutoka nje, anaweza kufungia mali, kuzuia miamala, na kudhibiti uingizaji na utoaji wa bidhaa. Ni sheria ya vikwazo. Kuanzia Carter aliyeitia sahihi hadi Biden, hakuna rais aliyeitumia kutoza ushuru. Neno ushuru halimo ndani yake, wala kodi, wala ada.

Tarehe 1 Februari 2025 akaitumia kwa Kanada, Mexico na China, sababu ikiwa dawa za kulevya. Tarehe 2 Aprili akaitumia kwa karibu kila nchi, sababu ikiwa nakisi ya biashara, yaani Marekani inanunua nje kuliko inavyouza. Asilimia 10 ya chini kwa wote, na zaidi kwa wengi. Lesotho iliandikiwa 50. Hata visiwa vya Heard na McDonald, ambako wakazi ni pengwini, viliandikiwa 10.

Nataka mjue hali ilivyokuwa kwetu wiki ile. Agizo lilisema mzigo uliokuwa umeshapakiwa kwenye meli ya mwisho kabla ya saa 6:01 usiku wa tarehe 5 Aprili hautozwi. Basi simu zikaanza. Kila mtu anataka kujua meli yake imepakia saa ngapi, si imeondoka lini, imepakia saa ngapi! Tukawa tunafukua hati za upakiaji kama wapelelezi. Tarehe 9 viwango vya juu vikaanza, na siku hiyo hiyo vikasimamishwa kwa siku 90, isipokuwa China, ambayo ilipandishwa hadi jumla ya 145. Kuna mteja wetu wa vifaa vya watoto aliyekuwa na kontena baharini kutoka Ningbo, China. Ushuru ulizidi thamani ya mzigo wenyewe. Akauliza kama inaruhusiwa kuurudisha bila kuushusha. Mei Marekani na China wakakubaliana kule Geneva, ikashuka hadi 30. Agosti nchi nyingi zikaandikiwa viwango vipya tena. Kenya na Tanzania zikabaki 10, Uganda ikapanda hadi 15, Lesotho ikashuka hadi 15. Kila badiliko ni sahihi ya mtu mmoja. Hakuna kura, hakuna muswada.

Waliokwenda mahakamani walikuwa wafanyabiashara wadogo kama wewe. Mwagizaji mvinyo wa New York anayeitwa V.O.S. Selections ndiye aliyebeba jina la kesi, na pamoja naye walikuwepo wauza vifaa vya uvuvi, watengeneza mabomba ya plastiki, wauza vifaa vya kufundishia elektroniki, na kampuni ya nguo za wanawake waendesha baiskeli. Kando yao, majimbo 12 yakiongozwa na Oregon. Makampuni makubwa mwanzoni yalikaa kimya, kila moja likitafuta msamaha wake kwa mlango wa nyuma. Hilo sitalisahau.

Walishinda kila hatua. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa, iliyoko New York, iliamua tarehe 28 Mei 2025, majaji watatu kwa kauli moja: mmoja aliteuliwa na Reagan, mmoja na Obama, mmoja na Trump mwenyewe. Mahakama ya rufaa ikakubali tarehe 29 Agosti, 7 kwa 4. Mahakama ya Juu ikasikiliza tarehe 5 Novemba, na tarehe 20 mwezi huu ikaamua 6 kwa 3. Jaji Mkuu Roberts ndiye aliyeandika. Gorsuch na Barrett, wote wateule wa Trump, walikuwa upande wake. Waliopinga ni Thomas, Alito na Kavanaugh.

Sasa ile "nyingine". Ni kifungu cha 122 cha sheria ya biashara ya 1974. Kinampa rais ruhusa ya kuweka ushuru usiozidi asilimia 15, kwa siku zisizozidi 150, kama nchi ina upungufu mkubwa na mzito katika urari wa malipo yake na nje, yaani hesabu ya fedha zote zinazotoka na zinazoingia. Hakuna uchunguzi unaotakiwa kwanza. Ndiyo maana aliweza kutangaza siku ile ile ya hukumu. Zikiisha siku 150, kuendelea kunahitaji sheria ya Bunge. Ukihesabu kuanzia tarehe 24 Februari, unaangukia Julai.

Kwa hiyo dada, vikapu vyako viko ndani ya ushuru ulio halali kwa sura, mpaka mtu atakapoupinga. Habari ya kurudishiwa nitakujibu jioni, nina mzigo wa mtu unaosubiri.

---

Otis_Columbus

Hapo kwenye pengwini nimeanguka kwenye kiti 😂😂

Haya, nimekubali kunyamaza kuhusu ukaidi. Ila bado: kama anaweza kuhama kifungu hadi kifungu, hukumu imesaidia nini? Mlipaji ni yule yule, asilimia ni ile ile.

---

bintimvita

Kwa vikapu kutoka Kenya, wiki hii, ni ile ile. Kwa mengine si ile ile hata kidogo. Mwaka jana angeweza kuamka na 145. Kwa kifungu cha 122 hawezi kupita 15. Mwaka jana angeweza kuipandishia nchi moja kwa sababu kiongozi wake kamkera. Brazil iliongezewa asilimia 40 Julai, na agizo lenyewe lilitaja kesi ya jinai ya Bolsonaro, rais wao wa zamani. Na mwaka jana hapakuwa na mwisho. Sasa kuna Julai.

Mtu aliyeagiza kontena leo, linalofika baada ya wiki sita, anaweza angalau kukisia atalipa nini. Ungekaa mezani kwangu Aprili iliyopita ungeona thamani ya kukisia.

---

mwanasheria_Houston

Shikamoo Bi Mvita. Maelezo mazuri, lakini naona umewapita waliopinga kama vile hawakuwa na hoja. Mimi niko mwaka wa pili wa sheria na darasani kwetu tumegombana juu ya hili wiki nzima. Acha niwasemee.

Kwanza, Nixon. Agosti 1971 alitangaza ushuru wa ziada wa asilimia 10 kwa karibu bidhaa zote za nje zilizokuwa zikitozwa ushuru. Ukapingwa mahakamani na kampuni ya Yoshida, waagizaji wa zipu. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya forodha ikasema halali, kwa kutegemea sheria ya 1917 ya kufanya biashara na adui, iliyokuwa na maneno yale yale ya kudhibiti uingizaji. Miaka miwili baadaye Bunge likaandika IEEPA na kuyanakili maneno hayo bila kuyabadili. Bunge likinakili maneno ambayo mahakama imeshayafasiri, kwa kawaida tunasema limeyachukua na tafsiri yake.

Pili, kesi ya Algonquin ya 1976. Kifungu cha 232 kinasema rais "arekebishe" uingizaji. Neno ushuru halimo kwenye ruhusa hiyo pia. Mahakama ya Juu, majaji wote, ikasema kurekebisha kunajumuisha kutoza ada ya leseni kwenye mafuta.

Tatu, na hii ndiyo inayonisumbua mimi binafsi: kila mtu anakubali IEEPA inamruhusu rais kupiga marufuku bidhaa zote za nchi fulani. Zote. Sasa inakuwaje awe na uwezo wa kufunga kabisa, halafu asiwe na uwezo wa kutoza asilimia moja? Kubwa analo, dogo hana?

---

bintimvita

Marahaba, mwanangu. Hizo ni hoja kweli, na hiyo ya Algonquin ndiyo nzito kuliko zote. Sikuziruka kwa dharau, niliogopa kumchosha dada.

Nianze na ya tatu kwa sababu watu wengi wanaiuliza. Marufuku na ushuru si kubwa na dogo la kitu kimoja. Marufuku haiingizi hata senti kwenye hazina. Rais akizuia bidhaa, uchumi unaumia na wenye viwanda wanapiga kelele, na yeye hapati chochote cha kutumia. Ushuru unampa mapato. Mtu anayeweza kuingiza mapato bila kuliomba Bunge hahitaji tena kulisikiliza. Ndiyo sababu Katiba iliweka kodi peke yake, sehemu yake, kwa chombo chake. Mwanasheria wa serikali, Sauer, aliwaambia majaji Novemba kwamba ushuru huu ni wa kudhibiti biashara na mapato ni jambo la pembeni. Wakati huo huo mkubwa wake alikuwa anajisifia mabilioni yanayoingia! Nilisikiliza mabishano yale nikiwa najaza fomu, na hapo nilicheka kwa sauti.

Halafu soma kifungu chenyewe cha IEEPA. Kuna orodha ya vitenzi: kuchunguza, kuzuia, kudhibiti, kuamuru, kubatilisha, kukataza. Kisha orodha ya vitu: umiliki, matumizi, uhamishaji, uingizaji, utoaji. Kati ya "kudhibiti" na "uingizaji" kuna maneno 16 ya Kiingereza, na Roberts alilitaja hilo. Ukisema kudhibiti uingizaji kunajumuisha kutoza ushuru, basi kudhibiti utoaji nako kunajumuisha kutoza ushuru bidhaa zinazotoka. Na Katiba inakataza ushuru wa bidhaa zinazotoka, waziwazi, Ibara ya 1 kifungu cha 9. Bunge la 1977 liwe limeandika sheria ambayo nusu yake inavunja Katiba bila kujua? Hilo ndilo lililonishawishi mimi kuliko yale mambo ya falsafa.

Kuhusu Nixon, kuna jambo moja ambalo huwa mnalisahau huko madarasani. Tamko lake la Agosti 1971 halikuitaja kabisa ile sheria ya 1917. Lilitaja sheria za ushuru. Ile ya 1917 ilikuja kuletwa na mawakili baadaye, kesi ilipokuwa imeshafika mahakamani. Ushuru wenyewe uliondolewa Desemba mwaka ule ule. Na mahakama iliyowaambia watu wa zipu wameshindwa ilisisitiza kwamba ushuru ule ulikuwa wa muda na ulibaki ndani ya viwango ambavyo Bunge lilishavipitisha. Haikusema rais anaweza kuandika kiwango chochote anachotaka.

Tena, Bunge lilipomaliza kutazama kisa cha Nixon, lilifanya nini? Liliandika kifungu cha 122: kama tatizo ni urari wa malipo, chukua 15 kwa siku 150. Kama rais alikuwa na mamlaka yasiyo na kikomo tayari, nani angehangaika kuandika kikomo?

---

mwanasheria_Houston

Hiyo ya utoaji ni kali, nakiri. Lakini hapo hapo kwenye 122 ndipo nilipotaka kukuleta. Mwaka jana, kwenye kesi hii hii, wanasheria wa serikali waliiambia mahakama kwamba kifungu cha 122 hakihusiani waziwazi na tatizo la rais, kwa sababu nakisi ya biashara na upungufu wa urari wa malipo ni vitu viwili tofauti. Walikuwa wanajitetea: kwa nini hakutumia 122? Kwa sababu hakifai. Sasa wamekigeukia hicho hicho.

---

bintimvita

Naam! Na kiliandikwa wakati dola ndiyo kwanza imetoka kwenye viwango vilivyofungwa na dhahabu. Hakikuwahi kutumiwa na rais yeyote tangu 1974. Kwa hiyo hakuna kesi hata moja ya kumwelekeza jaji. Sitashangaa tukiona wale wale wa mvinyo na mabomba mahakamani tena, au wengine wa aina yao.

Shida ni muda. Kesi ya kwanza ilichukua kutoka Aprili 2025 hadi Februari 2026. Siku 150 zitakwisha kabla rufaa haijasikilizwa. Hapo ndipo patamu kwa Ikulu: ushuru wa muda mfupi unaweza kuwa batili na bado ukakusanywa wote. Na zikiisha, je, anaweza kutangaza upya siku inayofuata? Sheria inasema Bunge ndilo linaloongeza. Haisemi lolote kuhusu kuanza upya.

---

vyondo_minneapolis

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa kwa magazeti yote. Lakini swali la mjinga: Bunge lenyewe lilikuwa wapi muda wote huu? Kama mamlaka ni yao na yanachukuliwa, mbona hawakusema kitu?

---

mwanasheria_Houston

Si swali la mjinga, ndilo swali lenyewe.

Sheria ya dharura ya 1976 inaruhusu Bunge kuifuta dharura. Ilipoandikwa, mabaraza mawili yalitosha, bila sahihi ya rais. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu ikasema Bunge haliwezi kufuta hatua za serikali kwa njia hiyo. Lazima azimio liende kwa rais kama sheria nyingine. Kwa hiyo leo ukitaka kumwondolea rais dharura yake, unampelekea yeye mwenyewe aitie sahihi. Akikataa, unahitaji theluthi mbili za kila baraza. Seneti ilipitisha azimio dhidi ya ushuru wa dunia nzima Oktoba 2025, kura 51 kwa 47. Hesabu mwenyewe hapo theluthi mbili iko wapi.

Baraza la Wawakilishi ndilo lilinichekesha. Sheria inasema azimio la namna hii lazima liletwe kupigiwa kura ndani ya siku kadhaa za kalenda. Machi 2025 uongozi wa Republican ukapitisha kanuni kwamba, kwa dharura iliyotangazwa tarehe 1 Februari, siku zilizobaki za kikao kile hazihesabiki kuwa siku za kalenda. Nimeisoma mwenyewe kanuni hiyo. Jua lichomoze, lizame, wao kwao ni siku ile ile.

---

Otis_Columbus

Kumbe na mimi nikidaiwa kodi ya nyumba nimwambie mwenye nyumba mwezi huu hauna siku.

---

bintimvita

😂 Jaribu, halafu utuambie umelala wapi.

Dada, nimepata nafasi. Habari ya pesa zako.

Hukumu ya wengi haikusema neno juu ya kurudisha. Kavanaugh aliwalaumu wenzake kwa hilo, akasema kutakuwa na vurugu. Ni zaidi ya dola bilioni 100, na waagizaji ni maelfu kwa maelfu. Kazi hiyo sasa iko kwa mahakama ya New York na Idara ya Forodha. Usimwamini mtu yeyote anayekuambia leo kwamba anajua tarehe ya hundi, na hasa yule anayetaka umlipe asilimia ili akurudishie. Wameshaanza kuwapigia simu wateja wetu.

Yaliyo mikononi mwako ni haya. Chukua hati za kila mzigo wa meli, ile fomu ya muhtasari wa uingizaji, namba 7501. Tafuta mstari wenye namba 9903.01.25. Huo ndio ule ushuru wa asilimia 10 uliofutwa. Andika mzigo, tarehe na kiasi kwenye daftari moja. Kama wakala hakukupa hizo fomu mwombe, ni haki yako. Ukiona malipo ya wiki hii usiyachanganye humo, hayo ni ya 122.

Kisha tazama tarehe. Forodha huwa inafunga hesabu ya mzigo takriban siku 314 baada ya kuingia. Ikishafungwa, una siku 180 za kuwasilisha pingamizi. Mzigo wako wa Mei mwaka jana, kama ulikuwepo, unakaribia kufungwa mwezi ujao. Usikae ukasema mahakama imeshaamua, watanitafuta. Muulize wakala kwa maandishi kama ataweka pingamizi kwa jina lako, na kwa bei gani.

Vifurushi vya ndege ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi watakapoumia. Pesa hurudi kwa aliyeandikwa kwenye hati kama mwagizaji. Kwa meli ni wewe. Kwa vifurushi, mara nyingi ni kampuni ya usafirishaji yenyewe iliyojiandika, ikalipa forodha, halafu ikakudai wewe pamoja na ada yake ya huduma.

---

vyondo_minneapolis

Nimetoka kufungua faili sasa hivi. Fomu za meli zina hiyo 9903.01.25, kila moja, na jina langu. Za vifurushi sina fomu yoyote, nina risiti tu za hao wa usafirishaji, wameandika "ushuru na ada" jumla, bila kutenganisha. Sasa hapo nafanyaje mama?

---

bintimvita

Waandikie leo, barua pepe si simu. Waombe wakutenganishie ushuru na ada yao kwa kila namba ya kifurushi, na uwaulize wazi: mkirudishiwa na forodha, mtamrudishia mteja? Risiti zipige picha, maana zile karatasi zao zinafifia. Ada yao ya huduma usiitegemee, hiyo haikuwa ya serikali. Na oda zinazokuja, kama zinavumilia kusubiri meli, zisubirishe.

---

vyondo_minneapolis

Naandika sasa hivi. Nikijibiwa nitaweka hapa jibu lao, nikiwa nimefuta jina.